Kutoa Bila Kukwama: Mwongozo kwa Mtu wa Kipato cha Kawaida Nyanda za Juu Kusini

Watu wengi ninaoishi nao hapa Mbeya wana moyo wa kutoa. Kinachowashinda ni kwamba ombi huwakuta hawajajiandaa. Simu inaita tarehe 23, mfukoni kuna hela ya luku na nauli ya wiki, anayepiga ni shangazi kutoka Ileje. Hapo mtu anajibu kwa mkato, au anatoa huku amenuna, au anasema yuko safarini kumbe yuko sebuleni. Shangazi anakata simu akiwa na uchungu, na mpwa naye analala vibaya.

Nimeshika daftari la kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu kwa muda mrefu, nikiwa mweka hazina, na nimeona tofauti kati ya anayetoa kwa mpango na anayetoa kwa kushtukizwa. Wa kwanza anaweza kuwa na kipato kidogo kuliko wa pili, lakini ndiye ambaye jina lake halikosekani kwenye daftari, na hajawahi kulalamika. Kwa hiyo hatua zote nitakazoeleza zinatoka kwenye jambo moja: amua utatoa nini kabla hujaombwa. Ni kwa ajili ya mwalimu, nesi, mwenye genge, dereva wa daladala ya Uyole, mkulima wa viazi Umalila au wa mpunga Mbarali. Mwenye mamilioni ana washauri wake.

Hatua ya 1: Lipa wanaokudai

Kabla hujafikiria kumsaidia mtu yeyote, angalia nani anasubiri pesa yake kwako. Dada wa kazi ambaye mshahara wake umesogezwa mpaka "mambo yakikaa vizuri". Vibarua waliopalilia shamba Jumamosi ukawaambia waje Jumatatu. Fundi aliyeshona sare za watoto. Mama wa genge ambaye jina lako liko kwenye daftari lake tangu mwezi uliopita. Hawa hawakuombi msaada, wanadai jasho lao, na mara nyingi wana hali ngumu kuliko yule utakayempa sadaka Ijumaa au Jumapili.

Kibarua wa huku kwetu anakula leo kwa kazi ya leo. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi hulipwa kwa kilo alizopima. Mpakiaji mbao wa Mafinga hulipwa kwa gari alilopakia. Ukimchelewesha siku tatu, siku hizo tatu anakopa unga dukani, na dukani wanamwandikia bei ya mkopo. Ucheleweshaji wako umeshamlia hela kabla hajaishika. Mlipe siku ileile, jua halijazama, na kama kazi ilikuwa nzito kuliko mlivyopatana, mwongezee elfu moja au mbili ya mboga. Mimi nauhesabu huo kuwa ukarimu wa juu kabisa, juu kuliko elfu hamsini inayotangazwa kwenye harambee. Mtu asiyelipa vibarua wake kwa wakati asianze hatua ya pili; amalize kwanza hapa.

Hatua ya 2: Tenga fungu siku pesa inapoingia

Chukua mfano wa mtu anayepokea 500,000 mkononi kila mwezi. Akitenga asilimia 8, anapata 40,000. Hiyo ndiyo hela ya kutoa, na tangu siku hiyo si yake tena. Aigawe mapema: 15,000 kwa misiba na wagonjwa, 15,000 kwa ndugu, 10,000 kwa yale ya njiani ambayo hayatabiriki. Kwa mwaka ni 480,000, kiasi ambacho mtu huyo angekataa katakata kukitoa kwa mkupuo, na angekuwa na haki. Kama asilimia 8 inakuumiza, tenga 3. Jikune unapofikia. La maana ni kwamba itengwe kwanza, kwa sababu inayosubiri mwisho wa mwezi huwa haifiki.

Iweke mahali ambapo mkono hauifikii bila kukusudia. Wengine wana laini ya pili ya simu kwa kazi hiyo tu, wengine bahasha tatu kwenye kabati, wengine kibubu. Ninachokushauri usifanye ni kuichanganya na akiba ya VICOBA. Hisa za kikundi zina tarehe zake za kugawana, na msiba hausubiri kuvunja mzunguko.

Mkulima hana tarehe 25 ya mshahara. Pesa yake inakuja mara moja au mbili kwa mwaka, tena kwa wingi unaodanganya. Kwa hiyo yeye atenge kwa mazao pale pale uwanjani, kabla dalali hajafika: katika kila magunia kumi ya mahindi, debe mbili tatu ziende kwenye gunia la peke yake lililowekewa alama, liwe gunia la watu. Mwezi wa pili likifunguliwa, thamani yake itakuwa kubwa kuliko siku ya mavuno.

Muislamu tayari ana hesabu iliyonyooka. Mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima hutolewa zaka ya asilimia 2.5. Mazao yaliyofikia kiwango yana hesabu yake: yaliyoota kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa sehemu moja ya ishirini. Ndiyo maana mkulima wa mpunga wa mvua kule Kyela na mwenzake anayelima kwa kumwagilia Mbarali hawatoi sawa hata wakivuna sawa, na ni busara ya kuvutia sana, kwa sababu inaangalia jasho na gharama za mtu pamoja na magunia yake. Mkristo anayetoa fungu la kumi kanisani naye ana msingi wake. Kwa wote wawili, maoni yangu ni kwamba fungu la mtaa na ndugu likae pembeni, hata kama ni dogo sana, maana mtoto wa jirani aliyerudishwa shule kwa kukosa viatu hatakuwa kwenye bajeti ya usharika wala ya msikiti.

Kama una mwenzi, mkubaliane kiasi hiki mkiwa wawili mmekaa. Fungu linalofichwa huzaa ugomvi, na ndugu wa upande mmoja wakipata kila mara huku wa upande wa pili wakiambiwa hakuna, nyumba itayumba.

Hatua ya 3: Soma mwaka wa huku kwetu

Shida za watu wa nyanda hizi zina misimu, na anayeijua misimu hashtuki.

Januari ni shule. Elimu bila ada ilianza 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Ada ikaondoka, lakini sare, viatu, daftari, begi na chakula cha mchana vikabaki kwa mzazi. Julai vijana waliochaguliwa kidato cha tano wanaripoti, na wengi wanapangiwa mbali: mtoto wa Chunya anapelekwa Njombe, wa Ludewa anapelekwa mkoa ambao hajawahi kuuona. Hapo ni godoro, tranka, ndoo, shuka na nauli. Nauli ndiyo inayokwamisha wengi, kwa sababu vingine vinaweza kuazimwa.

Februari na Machi ni miezi ya kubana. Mahindi ya mwaka jana yanaelekea ukingoni, ya mwaka huu bado mabichi shambani, na hela iliyokuwepo imeingia kwenye mbolea. Hakuna msaada unaofika kwenye moyo wa mtu kama debe la mahindi la mwezi wa pili. Debe hilohilo ukimpelekea mtu mwezi wa saba, wakati kila ua una mahindi yameanikwa, atakushukuru kwa adabu tu.

Juni hadi Agosti ni baridi. Anayeishi Dar es Salaam hawezi kuelewa baridi ya Makete au ya Njombe asubuhi, pale umande unapoganda juu ya majani na watoto wanakwenda shule wamejikunyata, mikono wameificha ndani ya kwapa. Nenda Mwanjelwa au SIDO, masoko ya hapa Mbeya, kwenye mitumba mwezi wa tano, kabla bei haijapanda, nunua masweta mazito ya watoto na blanketi. Sweta moja nzuri la mtumba linamvusha mtoto baridi mbili, na likimbana linamfaa mdogo wake.

Kuanzia Agosti pesa za mavuno zikishakuwa mikononi, zinaanza kadi: harusi, kipaimara, kuaga binti. Nitasema wazi ninavyoona. Harusi ije mwisho kwenye orodha yako na uiwekee kikomo cha mwaka. Furaha ya watu ni jambo jema na uwachangie, lakini nimeona familia ikikopa ili ilipe ahadi ya kadi ya watu wawili, halafu mwezi unaofuata inakosa elfu tano ya kumpeleka bibi zahanati. Ukishafikia kikomo, nenda ukasaidie kupamba ukumbi, kubeba viti, kuosha sufuria. Kamati zina uhaba wa mikono kuliko wanavyosema.

Hatua ya 4: Msibani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ya mtu wa kawaida inapofanya kazi kubwa kuliko popote.

Daftari letu la rambirambi ni la kurasa za mistari, limechorwa kwa rula safu nne: jina, kiasi, amelipa au ameahidi, saini. Linakaa kwenye meza ndogo karibu na mlango wa turubai, pembeni kuna sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Mtu anasalimia, anainama, anaweka hela chini ya kitambaa, mimi naandika. Ukilisoma daftari hilo baada ya msiba utaona kitu: noti nyingi zimeingia siku ya mazishi, wakati gharama nyingi zimetokea siku mbili za mwanzo. Jeneza linalipiwa mwanzo. Mafuta ya gari yanalipiwa mwanzo, na huku kwetu mafuta ni mzigo, kwa sababu marehemu wengi wanazikwa nyumbani kwao, Kyela, Tukuyu, Makete, Ludewa. Wafiwa wanakopa ili wasafirishe mwili, halafu michango inaingia wakiwa wameshakopa.

Kwa hiyo peleka mapema. Elfu tano ya jioni ya kwanza ina uzito kuliko elfu kumi ya siku ya tatu. Uliza kiwango cha mtaa, iwe elfu moja au elfu tano, lipa hicho kwanza bila kubishana, kisha ukiwa na zaidi, ongeza kwa njia nyingine. Kama huna pesa siku hiyo, usiandikishe ahadi ya aibu. Beba gunia la mkaa, ndoo za maji, sufuria kubwa, mchele kilo tano. Mwenye pickup atoe pickup na dereva. Hilo ni mchango wa laki bila kutoa noti.

Hatua ambayo karibu wote wanaisahau inakuja baada ya kuanua matanga. Turubai limeondoka, wajomba wamepanda mabasi, na mama aliyefiwa amebaki na watoto na sufuria zilizoazimwa. Hela zote za rambirambi zimekwenda kwenye gharama, na kikundi kimefunga hesabu. Rudi wiki ya tatu au ya nne. Nenda mchana, wakati hakuna wageni. Kaa, sikiliza, usiwe na haraka. Ukiaga, mwachie bahasha mkononi mwake yeye mwenyewe. Nasema mkononi mwake kwa makusudi: kupitia shemeji au baba mkwe kunaweza kuwa heshima, lakini unga unanunuliwa na yeye. Ukitenga 15,000 ya misiba kwa mwezi, gawa mara mbili, nusu ya turubai na nusu ya wiki ya nne. Wajane wengi wameniambia kwamba walikumbuka waliorudi kuliko waliokuja.

Hatua ya 5: Hospitali

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini nzima, wapo wanaotoka Rukwa, Songwe, Njombe. Wajawazito na waliojifungua wanalazwa Meta, kitengo chake cha wazazi. Mgonjwa ana kitanda; anayemuuguza hana. Huyo ndugu aliyetoka Sumbawanga na kikapu kimoja anahitaji kula, kuoga, kulala, na hana mtu mjini.

Ukienda kumwona mgonjwa, mpe mgonjwa pole na mpe muuguzaji wake hela. Mwite pembeni umuulize, "Mama, tangu asubuhi umekula?" Atasema amekula. Mpe tu. Vitu vinavyofaa ni chupa ya chai ya moto, uji, sabuni ya kufulia, kanga safi kwa aliyejifungua, chumba cha nyumbani kwako kwa usiku mbili. Ukitaka kusaidia bili, omba namba ya malipo uilipe mwenyewe kwa simu. Hospitali za serikali zinatoa namba hizo na risiti inakuja papo hapo, kwa hiyo hela inatua inapotakiwa. Na usisahau nauli ya kurudi. Watu wanachangiwa kuja hospitali kwa moyo mkubwa, halafu siku ya kuruhusiwa wanakaa stendi hawajui waanzie wapi.

Hatua ya 6: Kutuma kwa simu

Tuma na ya kutolea. Ukimwambia mtu unampa elfu ishirini, afike kwa wakala atoe elfu ishirini kamili. Kama kule aliko wakala ni kupanda bodaboda, weka na ya bodaboda. Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, kila mtu aliona hela inavyopungua njiani. Tozo ile ilipunguzwa baadaye, lakini makato ya kutoa bado yapo, na kwa mtu aliyeomba elfu tano ya dawa, mia chache zinaweza kuwa ndizo zilizokosekana kwenye bei ya dawa.

Makato yanakwenda kwa ngazi, hivyo kutuma mara moja kwa kawaida ni nafuu kuliko kugawa vipande vipande. Mama yako anayepokea elfu kumi kila wiki huenda akapenda arobaini mara moja. Muulize, maana wengine wanataka kidogo kidogo, kwa kuwa kiasi kikubwa kikijulikana kijijini kinaitiwa wakopaji.

Piga simu kabla ya kutuma, usikie sauti. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeshakula pesa za wengi, na matapeli wanapenda sana watu wakarimu. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama ndugu anasema anatumia simu ya jirani, mwombe jirani azungumze nawe, mpe shikamoo yake, muulize habari za nyumbani. Dakika mbili zinatosha kumjua mtu wa kweli.

Hatua ya 7: Sema mapema kama ni zawadi, mkopo au hapana

Undugu mwingi unavunjika hapa. Anayeomba anasema "niazime" kwa sababu ya haya, anayetoa anaamini ni mkopo, na baada ya miezi sita hawasalimiani.

Kanuni yangu ni kutomkopesha ndugu hela ambayo ikipotea nitamchukia. Kama ameomba laki moja na wewe unaweza kuipoteza elfu thelathini bila kinyongo, mpe thelathini iwe yake kabisa. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo kaka."
"Marahaba mdogo wangu, habari za Kyela?"
"Nzuri kaka, ila nimekwama. Naomba uniazime laki moja, nikiuza kokoa nakurudishia."
"Pole sana. Laki sina mwezi huu, nisikufiche. Nina elfu thelathini, nakutumia sasa hivi na ya kutolea. Hii ni yako, usiirudishe. Ukiuza kokoa, mnunulie mama sabuni."

Angalia alichofanya kaka. Hakumuuliza ya mwaka jana imekwenda wapi. Hakumpa hotuba ya matumizi. Masimango ndiyo yanayoharibu zawadi. Mtu atakula hela yako na maneno yako yatabaki kooni. Kama una la kumshauri, mshauri siku nyingine, siku ambayo hajaomba kitu.

Ukiamua kweli ni mkopo, uandike: kiasi, tarehe, mtamalizana vipi, kila mmoja abaki na nakala. Na tarehe ikifika dai kwa upole, kwa sababu mkopo usiodaiwa unamwondolea mtu heshima yake kimyakimya.

Na hapana pia inahitaji adabu. Fungu likiisha, limeisha. Sema, "Mwezi huu hela ya kusaidiana imekwisha, nitafute tarehe tano," na tarehe tano umpigie wewe kabla hajakupigia. Kwa anayeomba hela ya pombe na unajua, mnunulie chakula. Kwa anayeomba kila wiki, kaeni mpange kiasi kimoja cha mwezi, ajue kipo na ajue hakiongezeki. Sisemi uwe mkono wa birika. Anayejua kukataa kwa ukweli ndiye anayeweza kutoa kwa miaka mingi.

Hatua ya 8: Sokoni na barabarani

Basi likisimama Kiwira, akina mama wanakimbilia madirishani na ndizi. Ilula ni vitunguu na nyanya. Mtu aliyelipa nauli ya makumi ya maelfu anabishana na mama juu ya mia mbili mpaka basi linaondoka. Patana, hiyo ni desturi na wao wanaitegemea, lakini ukifika kwenye mia mbili za mwisho, ziachie. Chenji ya bodaboda usiku wa mvua, iachie. Msalimie kwanza kabla ya kuuliza bei. Iringa "kamwene" inafungua soko.

Ukinunua kisado cha viazi kwa bibi anayeuza mwenyewe, chukua na vile vidogo. Ukinunua kwa jumla, acha lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba juu ni kumchukulia mkulima viazi bila kumlipa, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza: mazao yapimwe kwa mizani, gunia lisivuke kilo 100. Mnunuzi wa Umalila au Njombe anayepima kwa haki kisha asitoe sadaka hata siku moja amewapa wakulima zaidi ya anayeshindilia gunia na baadaye akachangia madawati ya shule yao.

Hatua ya 9: Mara moja kwa mwaka, mfungulie mtu njia

Kusanya kile kilichobaki katika miezi myepesi, na mara moja kwa mwaka kitumie kwa mtu mmoja aliye tayari kufanya kazi. Wakinga wanajulikana nchi nzima kwa hili: kijana anachukuliwa na ndugu, anakaa dukani miaka kadhaa, anajifunza bei na wateja, kisha anapewa mtaji wa kuanzia kwake. Huhitaji kuwa na duka. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulioletwa Desemba unabadilisha mavuno ya bibi mwenye nusu ekari. Cherehani iliyotumika, beseni la maandazi na unga wa kuanzia, debe mbili za mbegu ya viazi.

Kwa wenye mifugo Rungwe na Njombe kuna utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: anayepewa mtamba hurudisha ndama jike wa kwanza, naye huyo anakwenda kwa jirani mwingine. Unaweza kuufanya kwa kuku au nguruwe bila mradi wowote, watu watatu tu mnaoaminiana. Aliyepokea anakuwa mtoaji ndani ya mwaka, na hiyo inampandisha mtu mabega kuliko msaada wowote ninaoujua.

Mwenye duka la jumla ana silaha yake, mali kauli. Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006, na la SIDO 2017, watu walilala wana maduka wakaamka hawana hata mizani. Kwa mtu wa namna hiyo, katoni mbili za sabuni na neno "lipa ukiuza" zina nguvu kuliko rambirambi.

Hatua ya 10: Fanya kimya

Usimpige picha unayempa. Sare za mtoto lipia kwa fundi au mwachie mwalimu mkuu, mtoto apokee kama wenzake. Unga upeleke jioni. Watoto wako wapeleke nao, wabebe wao mfuko, waone unavyosalimia na unavyokaa. Lakini waambie kabisa kwamba habari za nyumba ile hazisemwi shuleni.

Weka daftari dogo la kwako: tarehe, kiasi, jambo. Majina si lazima. Desemba ukilifungua utaona wapi ulitoa kwa haraka na wapi ulipitwa, na utapanga asilimia ya mwaka unaokuja ukiwa na akili iliyotulia. Kikibaki chochote kwenye bahasha usikirudishe kwenye matumizi ya sikukuu. Kipeleke kwa fundi wa sare wiki ya mwisho ya Desemba, umwambie ni za mtoto yeyote atakayekuja Januari na kitambaa bila hela ya kushonea.